Kifuniko cha Sufuria Hakitoshi

Leo tunazungumzia masikio ya mtoto mchanga, na nitaanza na kipimo ambacho nyumba nyingi zinacho tayari. Mtoto ana siku chache tu, amelazwa kitandani. Bibi anachukua kifuniko cha sufuria na mwiko, anazunguka nyuma yake, anagonga. Mtoto anashtuka, mikono inaruka juu, kilio kinaanza. “Huyu anasikia,” bibi anatangaza, na mjadala unaishia hapo. Asiposhtuka nako jibu lipo: ana usingizi mzito kama baba yake.

Sina ugomvi na bibi. Hata wataalamu walianzia hapo hapo. Huko Denver, Marekani, mwaka 1963, mtaalamu wa usikivu aitwaye Marion Downs alianza mpango wa kuwapima watoto wachanga hospitalini kwa kifaa kilichotoa kelele kali, huku wasaidizi wakitazama kama mtoto amepepesa macho, amejikunyata au ameamka. Ilipofika mwisho wa miaka ya sitini walikuwa wamepima watoto 17,000. Kazi kubwa, lakini njia yenyewe ilitegemea jicho la anayetazama, na macho hayakubaliani. Mwaka 1969 iliundwa kamati ya wataalamu kuhusu usikivu wa watoto wachanga, Downs mwenyewe akiwa miongoni mwa waliohimiza iundwe. Kamati hiyo ikasema njia ya kupiga kelele na kutazama haifai kutumiwa kwa watoto wote. Downs hakukata tamaa. Aliishi miaka 100, akafariki mwaka 2014 akiwa ameona hospitali za nchi yake zikipima karibu kila mtoto anayezaliwa, kwa mashine ambazo mwaka 1963 hazikuwepo.

Kwa nini kifuniko cha sufuria kinadanganya? Kwanza, kelele ya chuma karibu na kichwa ni kubwa mno. Mtoto ambaye masikio yake yamepungua nguvu kwa kiasi kikubwa bado anaweza kuisikia, ilhali sauti ya mama yake inayomnong’oneza haimfikii. Pili, mtoto anahisi kitanda kikitikisika, anaona kivuli kikipita, anaguswa na upepo wa mkono. Tatu, kipimo hicho hakijui kama ni sikio la kulia lililosikia au la kushoto. Na nne, mtoto mwenye masikio mazima kabisa anaweza kukishtukia mara ya kwanza, mara ya pili akakizoea na kuendelea na usingizi wake, watu wakabaki wametiana hofu bure.

Kingine kinachowapoteza wazazi ni sauti ya mtoto mwenyewe. Wengi wanafikiri mtoto kiziwi huzaliwa kimya. Sivyo. Analia kwa nguvu, anacheka, na katika miezi ya mwanzo anaguguma, yaani anatoa visauti visivyo maneno, kama watoto wote. Ukimtazama kwenye mkeka pamoja na mtoto wa jirani, huwezi kuwatofautisha. Tofauti huanza kuonekana baadaye, na ikionekana haitambuliki kwa jina lake. Mtoto ana miaka miwili hasemi. Shangazi anakumbusha kwamba wavulana huchelewa. Ana miaka mitatu hasemi. Anapelekwa kukatwa udata, kwamba ulimi ndio umefungwa. Ulimi unakatwa, maneno hayaji, kwa sababu shida haikuwa kinywani.

Na huyo ni kiziwi wa kutosikia kabisa. Wapo wengine ambao wana bahati mbaya ya kusikia kidogo. Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu ndipo jambo linapotugusa sisi tunaowalea watoto kwa Kiswahili. Katika usemi, irabu zetu ndizo zenye nguvu: *a*, *o*, *u* zinasafiri hadi upande wa pili wa uwanja. Konsonanti kama *s*, *f*, *th* na *sh* ni nyembamba na hafifu. Mtoto aliyepoteza sauti nyembamba anasikia muziki wa sentensi lakini makali yake yamekatika. Ukimwita “Asha!” anageuka, maana zile *a* mbili zimemfikia. Mama anaridhika. Lakini ukisema “sisi,” yeye anapata “i-i,” na “fisi” nayo ni “i-i” vilevile.

Sasa tazama Kiswahili kinavyojengwa. Mkazo wa sauti tunauweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Sarufi yetu, kwa sehemu kubwa, tunaiweka mwanzoni mwa neno, pale ambapo mkazo haupo. *Kitabu* na *vitabu*: tofauti ya kimoja na vingi ni konsonanti moja, kwenye silabi tunayoipita haraka. *Anasoma*, *alisoma*, *atasoma*: nani anatenda, na lini, vyote vimebanwa kabla ya kufika *so*. Mtoto mwenye masikio mazima anayaokota hayo bila kufundishwa na mtu. Mtoto anayesikia nusu anafika darasa la kwanza akiwa na mizizi ya maneno bila viambishi vyake, na mwalimu mwenye wanafunzi sabini anaamua kwamba huyu ni mzito wa kuelewa. Nimeona daftari za watoto wa namna hiyo. Makosa yao si ya ovyo. Yana mpangilio, na anayejua anaweza kusoma humo ni sauti gani zisizofika sikioni.

Turudi nyuma, kabla mtoto hajazaliwa. Katika wiki ya 20 hivi ya ujauzito, koklea, yaani kile kiungo cha ndani ya sikio kilichojizungusha kama kombe la konokono, imeshapata umbo lake. Kuanzia karibu wiki ya 25 mtoto aliye tumboni anaitikia sauti. Anasikia nini mle? Mapigo ya moyo wa mama, damu ikipita, tumbo likinguruma, na juu ya yote sauti ya mama mwenyewe inayomfikia kupitia mwilini. Maneno hayamfikii sawasawa, ila kupanda na kushuka kwa sauti kunamfikia.

Tunajuaje? Mwaka 1980 watafiti wawili wa Marekani, Anthony DeCasper na William Fifer, waliwapa watoto wasiozidi siku tatu chuchu ya bandia iliyounganishwa na tepu. Mtoto akinyonya kwa mwendo fulani anasikia sauti ya mama yake. Akinyonya kwa mwendo mwingine anasikia sauti ya mama wa mtoto mwingine. Watoto walibadili mwendo wa kunyonya ili wampate mama yao. Miaka sita baadaye, DeCasper na mwenzake Melanie Spence waliwaomba wajawazito wasome hadithi moja kwa sauti kila siku katika wiki sita za mwisho za ujauzito. Watoto walipozaliwa, waliipendelea hadithi hiyo kuliko nyingine ambayo hawakuwahi kuisikia, hata iliposomwa na mwanamke mwingine. Kwa hiyo mama anayeimba huku akipepeta mchele, mimba ya miezi minane, ana msikilizaji.

Kwa hesabu hiyo, mtoto anayesikia anapozaliwa ameshahudhuria darasa kwa zaidi ya miezi mitatu. Mtoto asiyesikia anazaliwa akiwa nyuma tayari, na kila wiki inayopita inaongeza umbali, kwa sababu ubongo wake haumsubiri. Mwaka 1984 Janet Werker na Richard Tees wa Kanada walionyesha kwamba watoto wa miezi sita hadi minane wanaolelewa kwa Kiingereza wanaweza kutofautisha sauti za Kihindi ambazo wazazi wao hawazitofautishi. Wakikaribia mwaka mmoja uwezo huo umepungua sana. Masikio yameshachagua lugha ya nyumbani. Mtoto wetu naye, katika miezi hiyo hiyo, anajifunza kwamba *ng’* ya ng’ombe si *ng* ya ngoma, jambo linalomtoa jasho mzungu mzima anayejifunza Kiswahili. Anu Sharma na wenzake, waliochunguza watoto waliozaliwa viziwi kisha wakapandikizwa kifaa cha kusikia, walikuta kwamba waliopandikizwa kabla ya miaka mitatu na nusu, ubongo wao uliitikia sauti karibu sawa na wa watoto wanaosikia. Wengi wa waliopandikizwa baada ya miaka saba hawakufika hapo.

Basi ndiyo maana nasema tusisubiri mtoto aongee ndipo tujue anasikia.

Mashine inayotumika leo ilitokana na ugunduzi ambao watu wengi waliushangaa. Mwaka 1978 mwanafizikia David Kemp, akifanya kazi London, alitangaza kwamba sikio zima halipokei sauti tu, linatoa pia. Ukilipelekea mlio mdogo, baada ya sehemu chache sana za sekunde linarudisha mwangwi hafifu unaotoka kwenye seli maalumu ndani ya koklea. Seli hizo zikiwa zimekufa, mwangwi haupo. Ghafla hapakuwa na haja ya kumtazama mtoto kama amepepesa macho. Sikio lenyewe linatoa ushahidi, mwenye sikio akiwa amelala fofofo.

Wauguzi wanaofanya kazi hii watakwambia kwamba nusu ya ujuzi wake ni kumlaza mtoto. Mama ananyonyesha kwanza. Mtoto akishiba na kulegea, muuguzi anachagua kifundo laini cha mpira kinacholingana na tundu la sikio, maana masikio ya wachanga hayalingani, analivuta sikio taratibu nyuma na kukiingiza. Kinatoa milio midogo ti-ti-ti-ti ambayo mama aliye karibu anaweza kuisikia kwa mbali. Ikienda vizuri, sikio moja linachukua dakika moja au mbili. Ikienda vibaya, kuna mtu anaburuta benchi, simu inaita, feni inalia, mtoto wa kitanda cha pili anaamka na kuwaamsha wote. Mashine inasikiliza mwangwi mdogo mno; wodi yenye makelele inaiziba. Pale kwenye hospitali zetu, kazi ya kwanza ya mpango wowote wa kupima usikivu ni kupata chumba chenye mlango unaofungika.

Jibu la mashine ni moja kati ya mawili: amepita, au apimwe tena. Haisemi “kiziwi.” Naomba hili lisikike vizuri, kwa sababu kuna akina mama wametoka wodini wakilia kwa neno lililosemwa haraka na mhudumu aliyechoka. Mtoto aliyezaliwa saa chache zilizopita ana majimaji na ule utando mweupe wa kuzaliwa ndani ya tundu la sikio, na hayo yanatosha kuzuia mwangwi. Akipimwa baada ya siku moja au mbili, wengi wanapita. Katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa, wenye upungufu wa kudumu wa kusikia ni kati ya mmoja na watatu. Kwenye nchi ambazo huduma za uzazi na chanjo zina mapengo huwa ni zaidi. Watakaoambiwa warudi ni wengi kuliko hao, na wengi wao hawana tatizo.

Kipo kipimo cha pili, na kuna watoto ambao wanastahili kuanzia hapo. Vibandiko vidogo vya waya vinawekwa kwenye paji la uso na nyuma ya masikio, kisha mashine inafuatilia kama mlio umesafiri kwenye mshipa wa fahamu hadi shina la ubongo. Hiki ni kwa ajili ya mtoto njiti aliyekaa siku nyingi kwenye chumba cha uangalizi, aliyechelewa kulia na kukosa hewa alipozaliwa, au aliyepata manjano makali. Manjano yakizidi sana yanaweza kuumiza mshipa wa kusikia na kuiacha koklea salama. Mwangwi wa Kemp utakuwepo, mashine ya kwanza itasema amepita, ilhali mtoto hapambanui maneno. Ndiyo maana mtoto aliyegeuka manjano sana asiachwe nyumbani kwa matumaini ya kuota jua la asubuhi. Apelekwe hospitali akawekwe chini ya taa. Jentamisini nayo, sindano inayookoa wachanga wengi wenye maambukizi, inaweza kudhuru masikio. Hakuna anayesema isitumike. Aliyeitumia apimwe, basi.

Rubela ni mwovu mwingine. Norman Gregg, daktari wa macho wa Sydney, alionyesha mwaka 1941 kwamba mama akiugua rubela mwanzoni mwa mimba mtoto anaweza kuzaliwa na mtoto wa jicho, ikajulikana muda mfupi baadaye kwamba masikio nayo yanaharibika. Tanzania iliingiza chanjo ya surua na rubela pamoja mwaka 2014, Kenya ikafuata mwaka 2016. Sindano ile ya miezi tisa ambayo watu wanaiita ya surua inamlinda pia mtoto ambaye bado hajatungwa. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 inasema karibu asilimia 60 ya upotevu wa kusikia kwa watoto unatokana na mambo yanayozuilika.

Wataalamu wana kanuni ya moja, tatu, sita: mtoto apimwe kabla ya mwezi mmoja, kama kuna tatizo lithibitishwe kabla ya miezi mitatu, na msaada uanze kabla ya miezi sita. Haikutoka hewani. Mwaka 1998 Christine Yoshinaga-Itano na wenzake wa Colorado walilinganisha watoto 72 waliogunduliwa kabla ya miezi sita na 78 waliogunduliwa baadaye. Waliogunduliwa mapema walikuwa mbele kwa lugha, iwe upungufu wao ni mdogo au mkubwa, iwe nyumbani wanatumia sauti au ishara.

Swali kwetu ni wapi tumpate mtoto. Nchi tajiri zinampimia wodini kabla hajaruhusiwa. Kwetu wengine hawazaliwi hospitalini, na waliozaliwa hospitalini wanaruhusiwa kesho yake asubuhi, masikio yakiwa bado na maji. Mahali ambapo karibu kila mama anafika ni kliniki ya chanjo. Mjini Lagos, Bolajoko Olusanya, daktari wa watoto, na wenzake walijaribu kuwapima watoto walioletwa kuchanjwa sindano ya kifua kikuu, na wakawafikia hata waliozaliwa nyumbani. Mimi nadhani huko ndiko tuelekee. Wiki ya sita, ile ya sindano za paja, imeshapita mwezi mmoja wa kanuni, najua. Lakini mtoto wa wiki sita masikio yamekauka, mama amepata nguvu, na kadi ya kliniki ipo mkononi. Apimwe kabla ya sindano, si baada. Baada ya sindano hakuna usingizi tena.

Na mashine isinunuliwe peke yake. Nimeshaona mashine nzuri ikiwa imefungiwa kabatini kwa sababu vile vifundo vya mpira vimekwisha na hakuna aliyeviweka kwenye bajeti. Nimesikiliza pia hotuba za mipango inayojisifu kwa idadi ya watoto iliowapima. Idadi hiyo hainiambii kitu. Nataka kujua walioambiwa warudi, waliorudi ni wangapi. Waliothibitishwa, waliopata kifaa ni wangapi. Mama anapoambiwa “rudi baada ya wiki mbili” na hospitali ni nauli ya basi kwenda na kurudi, mtoto anaonekana mzima, ananyonya, anaongezeka uzito, unafikiri atarudi? Mtu mmoja wa kumpigia simu, na siku ya kurudi iliyoandikwa kwenye kadi pale pale penye tarehe ya chanjo, vitafanya kazi kubwa kuliko mashine ya pili.

Mtoto akithibitishwa, mlango wa kwanza kwa wengi ni shime sikio, kifaa cha kukuza sauti kinachovaliwa sikioni. Hata mtoto wa miezi mitatu anaweza kuvalishwa. Kile kipande kinachokaa sikioni huchongwa kwa umbo la sikio lake, na sikio la mwaka wa kwanza linakua haraka. Kikilegea kifaa kinapiga mluzi, na ni lazima kitengenezwe kingine, tena na tena. Kuna betri, kuna jasho na unyevu wa pwani. Mzazi aambiwe hayo mapema, asije akadhani kifaa kimeharibika na kukitia kwenye droo. Kwa ambao shime sikio halitoshi, kuna upandikizaji wa kifaa ndani ya koklea. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kuufanya mwaka 2017. Kabla ya hapo watoto walipelekwa nje ya nchi. Gharama bado ni kubwa mno kwa familia ya kawaida, na baada ya upasuaji mtoto anahitaji miaka ya mazoezi ya kusikiliza.

Lakini kinachotafutwa hasa ni lugha, na lugha haiingilii sikioni peke yake. Mwaka 1991 Laura-Ann Petitto na Paula Marentette, huko Montreal, walichapisha walichokiona kwa watoto viziwi waliozaliwa na wazazi viziwi: watoto hao waliguguma kwa vidole, wakirudiarudia vipande vya ishara kama wenzao wanavyorudia ba-ba-ba. Shida ni kwamba watoto viziwi walio wengi wanazaliwa na wazazi wanaosikia, ambao hawajawahi kuona ishara hata moja. Kenya imeitambua lugha yake ya alama kwenye Katiba ya mwaka 2010, na ni moja ya lugha rasmi za Bunge. Nyumbani, hata hivyo, Katiba haimfundishi shangazi. Familia ianze kujifunza Lugha ya Alama siku ile ile mtoto anapothibitishwa, hata kama kifaa kinakuja. Wapo wanaoogopa kwamba ishara zitamzuia kuongea. Mtoto aliyekaa miaka mitatu bila lugha yoyote akisubiri kifaa ndiye wa kuogopewa.

Neno la mwisho, kwa wale ambao watoto wao walipita kipimo. Masikio yanaweza kuharibika baadaye, kwa homa ya uti wa mgongo, kwa masikio yanayotoa usaha mwezi hadi mwezi, au kwa urithi unaochelewa kujitokeza. Mtakapompeleka miezi tisa kwa sindano ya surua na rubela, mwambieni muuguzi mtoto anatamka nini. Siulizi kelele wala kicheko. Nauliza zile silabi zilizoshikana, ba-ba-ba, da-da-da, ma-ma-ma. Wengi wanaosikia wanazo kabla ya kutimiza miezi kumi. Mtoto wa miezi kumi na moja ambaye bado hana, apimwe masikio wiki hiyo hiyo, hata kama juzi alishtushwa na kifuniko.